Wosia kwa Mjukuu Anayetaka Benzi

Mjukuu wangu mpendwa,

Mimi huku Kajiado ni mzima kwa uzima wa mtu wa umri wangu: magoti yanalalamika, macho yanataka miwani, lakini akili Mungu bado ameniachia. Gereji nimemkabidhi baba yako mdogo, na sitarajii tena kulala chini ya gari. Kazi niliyobaki nayo ni kuwausia ninyi wajukuu, na nimeona niandike, maana nikisema kwa mdomo mtakuwa mmesahau kabla hamjafika stejini Yukos huko kwenu Kitengela.

Picha uliyonitumia nimeiona. Benzi E-Class nyeusi ya mwaka 2010, kilomita 218,000, milioni moja na laki nne, na bei inazungumzika. Umesema kwa fedha hizo mtu anapata kigari kidogo tu kilichotoka Japani juzi, hivyo mwenye akili hawezi kuiacha. Umesema pia kwamba fedha zitatoka kwenye fungu lako la shamba la Kisaju. Sikuandikii kukukataza. Wewe ni mtu mzima, una mshahara wako Athi River, na hakuna dhambi katika kupenda kitu kizuri. Mimi mwenyewe nimeyapenda magari hayo maisha yangu yote. Nataka tu kwamba ukinunua, ununue ukijua, na usiponunua, usidhani umenyimwa.

La kwanza, nalo ndilo mama wa mengine yote: bei ya gari la fahari huzeeka, gharama yake haizeeki. Gari hilo lilipotoka kiwandani Ujerumani lilikuwa la mtu wa mamilioni mengi. Leo linauzwa kwa bei anayoimudu mwalimu mwenye mkopo wa SACCO. Lakini breki zake, shokomzoba zake, taa zake na kompyuta zake hazikushuka bei pamoja nalo. Ukifika Kirinyaga Road kutafuta kipuri, muuzaji hakuulizi ulilinunua kwa pesa ngapi. Anasoma namba ya kipuri na kukutajia bei ileile ambayo angemtajia tajiri aliyelinunua likiwa jipya. Unalinunua kwa bei ya leo, unalitunza kwa bei ya siku lilipozaliwa. Wengi walioniletea magari wakilia hawakuwa wamedanganywa na mtu yeyote. Walipiga hesabu ya kununua wakaisahau ya kutunza.

Usidhani ni maneno ya wazee wenye wivu. Mwaka 2009 serikali yenyewe ililemewa. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza wakubwa warudishe magari ya injini kubwa wapewe Volkswagen Passat za sisi 1800. Si wote waliofurahi. Sasa, ikiwa serikali yenye hazina na watoza ushuru iliona magari makubwa yanaila, wewe mwenye hati moja ya mshahara utajiona vipi? Na mwaka 2024, vijana mlipoingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, ndani yake mlikuwa na pendekezo la kodi ya gari: asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, isipungue shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000. Kodi hiyo ilifutwa, na mwishowe Mswada wote ukaondolewa. Lakini tazama jambo moja: hata kodi ile iliyowakasirisha ingepima thamani ya gari ya leo, na gari likichakaa ingepungua. Vipuri havina huruma hiyo.

La pili: usiogope kilomita, ogopa ukimya. Mmezoea kusoma dashibodi na kuishia hapo. Gari la kilomita 218,000 lenye risiti za oili, risiti ya oili ya giaboksi na risiti ya cheni ni bora kuliko lenye kilomita 80,000 na mwenye kukuambia, "Niamini tu, boss." Namba ya dashibodi siku hizi imo ndani ya kompyuta, na mtu mwenye laptop na waya huirudisha nyuma kabla chai yake haijapoa. Ila kwenye Benzi na BMW nyingi, kilomita huhifadhiwa pia mahali pengine ndani ya gari. Fundi mwenye mashine inayofaa huzisoma huko. Zikipishana na za dashibodi, shukuru kwa muda wako na uondoke.

Tazama pia gari lilikotoka. Japani, gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na cheti huandikwa kilomita. Uingereza, likishatimiza miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, na yeyote mwenye namba ya usajili ya kule anaweza kuisoma historia hiyo bure kwenye tovuti ya serikali yao. Na hapa pana mtego: gari la Uingereza huhesabu maili. Ukiambiwa limetembea "laki moja tu", uliza laki moja ya nini, kwa sababu maili laki moja ni karibu kilomita 161,000.

Sasa piga hesabu ya hilo lako. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo gari la mwaka 2010 lilipaswa kuwa limeingia nchini kabla mwaka 2017 haujaisha. Maana yake hata kama karatasi za Japani au Uingereza ni safi kama theluji ya Kilimanjaro, miaka yote ya tangu hapo limekula barabara zetu, na risiti za miaka hiyo ndizo unazotakiwa kudai. Muuzaji atakuonyesha cheti cha ng'ambo kwa mbwembwe. Mwambie, "Asante, sasa nionyeshe cha Kitengela."

Uliza pia kilomita hizo zilitembewa wapi. Kwenda Namanga na kurudi, injini iko kwenye mwendo mmoja na giaboksi imetulia. Kukaa kwenye foleni ya Mombasa Road kwa saa mbili asubuhi na saa nyingine mbili jioni, injini inachemka, giaboksi inapanda na kushuka, feni inazunguka, na odomita haisongi. Kilomita elfu kumi za foleni zinaweza kulichosha gari kuliko elfu thelathini za barabara kuu, na dashibodi haiwezi kukuambia tofauti hiyo. Itafute kwenye kiti cha dereva, kwenye ngozi ya usukani na kwenye raba ya pedali ya breki. Raba iliyolika hadi chuma haikulika kwa kilomita 80,000.

La tatu ni ukaguzi, na hapa nakupa elimu niliyoilipia kwa mgongo wangu. Fika mapema asubuhi bila kutangaza saa kamili. Kabla ya salamu ndefu, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna sauti ambayo muuzaji hataki uisikie. Rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, fungua boneti, simama karibu, mwambie mwenzako awashe. Benzi nyingi za miaka hiyo zenye injini ya sisi 1800 zina ugonjwa unaojulikana: cheni inayoendesha valvu hurefuka, na meno ya gia zinazoipokea huisha. Inapowashwa ya baridi utasikia mkwaruzo wa sekunde mbili tatu, kisha kimya. Dalali atakuambia ni oili inapanda tu. Cheni hiyo ikiruka jino, valvu hugongana na pistoni, na hapo huna injini. Usiinunue ikilia hivyo, labda bei ishuke kwa gharama yote ya kubadilisha cheni na gia zake, na fundi wako ndiye akuambie gharama hiyo, si fundi wa muuzaji.

Baada ya hapo zunguka gari likiwa limesimama mahali tambarare. Kama ni la mifuko ya hewa badala ya springi, angalia kama kona moja imeinama. Raba ya mfuko hupasuka taratibu, hewa huvuja usiku, na asubuhi pampu huilazimisha kupanda tena. Pampu ikifanya kazi hiyo kila siku huungua, na ulichodhani ni ugonjwa mmoja kimekuwa miwili. Chini ya gari, mulika tochi ubavuni mwa giaboksi mahali nyaya zinapoingia. Kwenye zile za gia tano, kile kiungio huvujisha oili, na oili hupanda ndani ya waya wenyewe hadi kwenye kompyuta ya giaboksi. Kiungio ni cha bei ndogo. Kompyuta si ya bei ndogo. Na anayekuambia kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha, muulize maisha ya nani.

Ukiweka swichi kabla ya kuwasha, taa zote za onyo ziwake, kisha zizime injini inapoanza. Ambayo haikuwaka kabisa imefungwa mdomo na mtu. Halafu liendeshe. Usizunguke mtaa mmoja ukashuka ukitabasamu. Nenda hadi Isinya kwa kasi ya barabara kuu, urudi uingie kwenye msongamano wa Kitengela ukitazama kipimo cha joto. Gari bovu hujificha barabarani na kujitaja kwenye foleni. Ukishawishika na BMW badala ya Benzi, kipimo hicho kitazame mara mbili, maana mabomba na viungio vyao vingi vya maji ni vya plastiki, hukakamaa kwa joto na kupasuka bila kupiga hodi, na injini ya aluminiamu ikichemka sana kichwa chake hupinda. Kama huna fundi unayemwamini, Chama cha Magari cha Kenya, AA, hukagua gari la mnunuzi kwa malipo. Ada hiyo usiione nyingi. Ndiyo bei ya chini kabisa utakayolipia gari la aina hii.

La nne, karatasi. Ingia eCitizen, omba rekodi za gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri, na ulinganishe jina, namba ya chesisi na namba ya injini na vilivyo kwenye chuma chenyewe. Wapo wanaouza gari ambalo logibuku yake ina jina la benki ubavuni au imewekwa rehani kwa mkopeshaji. Ukinunua hilo, umenunua deni la mtu mwingine, nalo litakuja kuchukuliwa usiku mlangoni kwako. Usimpe dalali arubuni ya "kulishikilia". Lipa kupitia benki, siku muuzaji anapoanzisha uhamisho wa umiliki nawe ukiuona kwa macho yako. Sheria ya Trafiki inamhesabu aliyesajiliwa kuwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo, na haitaki gari lililouzwa liendeshwe zaidi ya siku 14 kabla mnunuzi hajasajiliwa. Jina liwe lako kabla hujaliosha.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa njia ya Namanga, nakuonya kwa sauti: utaonyeshwa magari mazuri ya bei ya kutupa yenye namba za Tanzania. Wenzetu huruhusu magari ya umri mkubwa wakiyatoza ushuru wa ziada, sisi haturuhusu. Gari hilo linaweza kuvuka mpaka kihalali kwa muda, lakini haliwezi kuwa lako hapa kwa makubaliano ya mdomo chini ya mti. Siku watoza ushuru wa KRA watakapolishika, aliyekuuzia atakuwa Arusha akinywa soda.

La tano ni hesabu ya kila mwezi. Chukua kalamu. Kitengela hadi katikati ya Nairobi na kurudi ni kama kilomita 60. Saluni kubwa ya petroli kwenye foleni zetu ikikupa kilomita 8 kwa lita, shukuru. Hizo ni lita saba na nusu kwa siku. Lita ikiwa shilingi 180, ni 1,350 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni 29,700, kabla hujalipia Expressway pale Mlolongo. Na bei hiyo si ya kuapia. EPRA, mamlaka ya nishati, huitangaza upya kila tarehe 14, na Septemba 2023 tuliiona ikivuka 200. Ongeza tairi za ubavu mwembamba, ambazo shimo moja la barabara ya mtaa hupinda rimu zake. Ongeza udongo mweusi wa kwenu, ambao mvua ikinyesha hauchagui Benzi wala Probox. Ongeza bima, na ujue kampuni nyingi husita kutoa bima kamili kwa gari lililozeeka, hivyo likiibwa au likipinduka hasara ni yako.

Kanuni yangu ni hii, na wateja wote walioifuata sikuwaona wakilia: usinunue gari la fahari kuukuu mpaka uwe na fedha nyingine kando, angalau robo ya bei yake, ambazo hutazigusa kwa jambo lingine. Milioni moja na laki nne, basi laki tatu na nusu zikae benki zikisubiri. Mwaka wa kwanza zitatumika, niamini. Kama huna robo hiyo, gari hilo si lako hata kama una bei yake yote. Kuna starehe ya chini ya hapo isiyo na aibu: Toyota Crown au Mark X iliyotunzwa. Mark X waliacha kuitengeneza mwaka 2019, lakini vipuri vyake vimejaa, mafundi wanaoijua wako mpaka Isinya, na viti vyake havikuumizi mgongo. Petroli inakunywa nayo, sikufichi.

La sita ndilo lililoninyima usingizi: fedha zenyewe, hizo za shamba. Mnaishi Kitengela mnaiona ni mji wa maghorofa, mnadhani imekuwa hivyo siku zote. Ardhi hiyo ilikuwa ranchi ya pamoja hadi ilipogawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kila boma likapata hati yake. Muda mfupi baadaye, miaka ya 1990, kukaja viwanda vya EPZ, vya bidhaa za kuuza nje, pale Athi River, wafanyakazi wakatafuta pa kulala, na madalali wa ploti wakajaa. Kuanzia mwaka 2000 wenye mashamba jirani na mbuga ya wanyama walilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasijenge uzio, wanyama wapite. Wapo waliocheka fedha hizo, wakauza ekari, wakanunua magari. Ninajua boma moja upande wa Isinya ambako Benzi ya miaka ya tisini imesimama juu ya mawe, haina tairi, na kuku hutaga kwenye kiti cha nyuma. Shamba lililoinunua lina safu ya maduka sasa, na kijana wa boma hilo ni mlinzi wa usiku kwenye maduka hayo. Jina sitaji, kwa sababu babake alikuwa rika langu.

Kwa hiyo nakuusia: gari linunuliwe kwa jasho linaloweza kurudi, yaani mshahara, biashara au ng'ombe wa kuuza. Ardhi ikitoka hairudi. Fungu lako la Kisaju lilitoka kwa babu yangu, nami nililipokea na kulipitisha kwa baba yako bila kulipunguza, ukame wa 2009 ukaja na ule wa 2022 ukaja, mifugo ikafa, ardhi ikabaki. Hakuna kipuri cha ekari. Ukiona lazima uuze, uza kwa ajili ya kitu kitakachobaki baada yako, na umketishe mama yako na wajomba zako kwanza, si baada ya kupokea arubuni.

Utaniambia, babu, watu wanamheshimu mwenye Benzi. Kweli, getini wanampisha. Lakini umehudhuria vikao vyetu. Umeona nani husikilizwa mwisho, akifunga neno. Ni yule ambaye hajawahi kukopa kwa mwenzake fedha za kutoa gari lake gereji.

Basi nimemaliza. Jumamosi nenda ukalione gari hilo ukiwa na baba yako mdogo. Nimekwisha kumwambia, naye atabeba mashine ya kupimia na tochi. Likiwa zima, risiti zipo, na robo ya akiba unayo mbali na shamba, linunue, na likiwa lako nitakaa kiti cha mbele unipeleke Namanga. Likikosa moja kati ya hayo matatu, mwambie mwenyewe asante, panda matatu urudi nyumbani, na wiki ijayo uanze akiba hiyo.

Mungu akulinde barabarani na akupe rizki isiyo na majuto. Akupe uvumilivu wa kungoja na ulimi wa kukataa. Wasomee dada zako barua hii, maana nao watanunua magari, na uihifadhi pamoja na hati ya shamba.

Ni mimi, babu yako,
Kajiado.